Arobaini ya Sikio la Zaitun

Nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na saba. Najua neno hilo litawachekesha, lakini barua niliyopewa inasema "mwisho wa utumishi," na nimeisoma mara sita bila kuona tofauti. Kwa miaka minne nimewafuatilia watoto waliopandikizwa kifaa cha kusikia, kuanzia Arua mjini hadi vijiji vya Koboko, na sasa ninyi wawili mmepewa kazi niliyokuwa nikiifanya peke yangu. Mmeniomba niwaandikie machache. Nilianza na ukurasa mzima wa kuomba radhi kwa yale nitakayoyasahau, kisha nikaufuta, kisha nikajiuliza kama kuufuta ni utovu wa adabu. Basi, niwieni radhi.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu hakuna kati yenu anayejua Kilugbara changu cha kwetu Ajia. Kiswahili hiki nilikisomea darasani, kwa hiyo kinanuka kitabu. Maneno ya watu wetu nimeyaacha kama walivyoyasema.

Kifaa chenyewe mnakijua, ila jizoezeni kukieleza, maana hata mwaka wa tatu nilikutana na baba aliyeniuliza kama redio ya mtoto wake inashika mpira. Daktari wa upasuaji, Kampala, anaweka kipande kidogo chini ya ngozi nyuma ya sikio, na uzi mwembamba unaoingia ndani kabisa. Kipande hicho peke yake hakifanyi kitu. Wiki chache baadaye, jeraha likishapona, mtoto anavishwa sehemu ya nje: mashine inayokaa sikioni, yenye waya mfupi na kidude cha mviringo kinachojishika kichwani kwa sumaku. Familia zetu zinakiita kifungo. Kifungo kikikaa mahali pake, sauti inaingia. Kikitoka, kimya. Wazazi wengi wanadhani siku ya upasuaji ndiyo siku ya kupona. Siku hiyo ni daktari tu aliyemaliza kazi.

Siku yangu ya kwanza nilifika kliniki ya Arua saa moja na nusu kabla ya wakati, ili nisichelewe. Lango lilikuwa limefungwa. Nikaona nikikutwa nimesimama pale nitaonekana mtu wa papara, kwa hiyo nikaenda kuzunguka sokoni, nikazunguka kwa uangalifu mkubwa, na nikachelewa dakika kumi. Ndani nilimkuta mzee mmoja mwembamba akila chapati huku akisafisha mashine ya sikio kwa mswaki wa mtoto.

"Weye njo ule mutu wa chuo?" aliniuliza.

"Ndiyo, shikamoo. Naitwa Driciru. Samahani sana kwa kuchelewa, ila nilifika mapema."

Akatafuna kidogo. "Kaa. Hiyo viatu yako itakufia Koboko."

Huyo ndiye Mzee Safari, fundi wetu wa mashine. Wazazi wake walivuka kutoka Kongo akiwa mdogo, na kabla ya kufundishwa mambo ya masikio alitengeneza redio sokoni. Viatu vyangu vilikufa kweli, wiki ya pili, kwenye matope ya Lurujo, hukohuko Koboko. Kwake nilijifunza zaidi ya nilivyojifunza chuoni, ingawa alinifundisha kwa namna ya mtu anayejaribu kumtoa mbuzi kwenye uzi wa kuanikia nguo.

Wiki ya kwanza nilitunga karatasi ya maelekezo kwa wazazi. Ilikuwa na kanuni thelathini na moja. Mzee Safari aliisoma yote, kidole kikifuata mistari, kisha akarudi katikati.

"Namba kumi na tisa inasema nini?"

"Mtoto asikaribie kuku aliyelowa."

"Juu ya nini?"

"Kuku akijikung'uta, maji yanaweza kurukia mashine."

Akanitazama kwa huruma. "Na kuku mukavu?"

Sikuwa nimemfikiria kuku mkavu. Nilimfikiria siku mbili. Mzee Safari aliniambia nipunguze zibaki kanuni tatu: mashine ikae kavu, ikae kichwani mchana kutwa, na watu waongee na mtoto. Nilikubali, nikapunguza, zikabaki ishirini na sita.

Vitu vya kubeba ni hivi. Mswaki laini wa kusafishia. Kopo lenye mfuniko wa kubana na vile vijiwe vya kukausha unyevu, ambavyo vikibadilika rangi lazima vikaushwe, msingoje. Betri za akiba, kwa sababu umeme wa kuchajia utakatika siku ileile mnayowahubiria wazazi umuhimu wa kuchaji. Maharage na bakuli la bati: mtoto akisikia sauti, anatupa harage bakulini. Sauti za kupimia ni sita, mnazijua: aa, uu, ii, sh, s, m. Mziseme mkiwa mmeficha mdomo, maana watoto hawa wanasoma uso kuliko tunavyosoma sisi vitabu. Na kamba fupi yenye kibanio, ya kufungia mashine kwenye kola ya nguo. Kamba hiyo sikuijali hadi yalipotokea ya Ludara.

Kule Ludara kulikuwa na mtoto mmoja, Asiku, aliyepoteza mashine. Mama yake alinipigia simu analia. Tulipekua nyumba, tukapekua shamba la mihogo, tukapekua mbuzi kwa macho. Mimi nilikuwa tayari nimeanza kuandika barua ya kujiuzulu kichwani, nimefika aya ya pili. Saa saba mchana baba yake akarudi kutoka sokoni na baiskeli, na pale kwenye bomba la chuma la baiskeli, chini ya kiti, kifungo kilikuwa kimejishika kwa sumaku yake, mashine yenyewe ikining'inia kwa waya. Asiku alikuwa amekibandika pale asubuhi akicheza. Mashine ilikuwa imekwenda sokoni, imesikia bei zote, imesikia ugomvi wa wauza samaki, imerudi. Baba alipangusa vumbi, akaniuliza kwa upole kama sasa tunaweza kumweleza mtoto yaliyosemwa. Fungeni kamba.

Sasa nije kwa Zaitun.

Zaitun alikuwa na miaka minne, Koboko mjini, katika nyumba ya Wanubi iliyo nyuma kidogo ya msikiti. Alizaliwa bila kusikia. Mama yake, Mariam, ni fundi wa kusuka vifuniko vya sahani, vile vya rangi ambavyo huwezi kuingia nyumba ya Kinubi usivione. Baba yake, Ramadhani, anaendesha lori la mizigo kwenda Juba. Lakini mwenye nyumba, mwenye sauti na mwenye funguo alikuwa bibi yake, mama wa Ramadhani, ambaye wote walimwita Hababa, yaani bibi, na baada ya ziara mbili mimi pia.

Nilianza kwenda kwao mara tu waliporudi kutoka kwenye upasuaji, kuangalia jeraha. Hababa alikuwa amekwisha andaa mafuta ya habasoda ya kumpaka. Nikamwomba asipake kitu chochote pale. Alitazama mafuta mkononi mwake, akasema yakishamiminwa hayarudi chupani, akanipaka mimi gotini. Jeraha lilipona vizuri. Goti langu pia halijawahi kusumbua.

Zaitun alipovishwa mashine Kampala na kurudi, nilikwenda kuielezea familia nini kinafuata. Hapa ndipo nilipokosea, na nilikosea nikiwa najisifu moyoni, hali inayonitokea mara chache. Shida ya wazazi ni kwamba wanataka mtoto aanze kusema siku hiyohiyo. Kwa hiyo nikatumia mfano tuliofundishwa.

"Hababa," nilisema, "Zaitun ana miaka minne, lakini sikio lake limezaliwa wiki hii. Ni sikio changa."

"Changa?"

"Changa kabisa."

"Kama mutoto ametoka kwa tumbo?"

"Kama ametoka tumboni leo."

Hababa akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyepata mwishowe mtaalamu anayeeleweka. Akainuka, akafunga dirisha. Nami nikaandika kwenye fomu kwamba familia imeelewa.

Kuanzia hapo nilikwenda kila Alhamisi, na kila Alhamisi nyumba ilikuwa kimya. Watu tisa wanaishi mle, na ungesikia maji yakichemka. Niliposalimia, waliniitikia kwa midomo. Chai ililetwa pamoja na kijiko kilichofungwa kitambaa. Mimi nilijua sababu mara moja: hawanipendi. Nilibadilisha mafuta ya kujipaka. Nilipunguza kucheka. Niliuliza kwa simu mtu wa Koboko kama kuna namna ya kuvua viatu inayoudhi. Hata hivyo niliwasifu kwenye fomu, kwa sababu mtu asiyekupenda pia ana haki zake. "Mazingira tulivu," niliandika. "Mazuri sana."

Nilipowakumbusha waongee na mtoto, Hababa alijibu kwa kunong'ona, "Iko na wakati yake, binti. Itafika." Nikadhani ni imani, nikaiheshimu.

Zaitun mwenyewe hakuwa anafanya lolote. Nilikaa mkekani, nikaficha mdomo kwa kifuniko kimoja cha Mariam, nikasema aa. Alilitazama harage. Nikasema sh. Alinitazama mimi. Nikasema m, kwa nguvu, na akachukua maharage yote kwa mikono miwili, akayamimina bakulini ili jambo liishe, akaenda kwa mama yake. Wiki ya nne akaanza kulia akiona mkoba wangu tu. Sauti kwake ilikuwa kitu kinacholetwa na mimi siku ya Alhamisi, kama sindano.

Niliwapigia simu Kampala. Wakampima upya kwa kompyuta. Kifaa cha ndani kinafanya kazi, mshipa wa kusikia unajibu, mashine ya nje ni nzima. Kila kitu kilikuwa kinafanya kazi isipokuwa kusikia.

Alhamisi moja nilimkuta Ramadhani nyumbani. Alinisindikiza hadi barabarani, mbali na nyumba, na hapo tu ndipo akasema kwa sauti ya kawaida.

"Dokta."

"Mimi si daktari, kaka."

"Sawa, Dokta. Mimi hapana kataa mashine. Lakini mutoto hapana sikia, na miaka iko naenda. Kuna ile shule ya viziwi ya kulala, iko mbali lakini wanafundisha vizuri, wanaongea na mikono. Nimeuliza, iko na nafasi. Shule ikifungua muhula ya mwisho, kama bado, mimi nitapeleka yeye."

Nilimwambia shule hiyo ni nzuri, na ni kweli. Nilimwambia lugha ya mikono ni lugha kamili, na ni kweli. Kisha nikageuka nikamwona Mariam amesimama mlangoni, ameshika mkono wa Zaitun, akijua tunachozungumza ingawa hakuwa anasikia neno. Alikuwa na mtoto mmoja tu. Miaka minne, kulala bwenini, mwendo wa siku nzima. "Mimi nataka alale hapa," aliniambia baadaye, na hakuongeza kitu. Sikuwahi kupewa maelekezo mafupi zaidi kazini, wala yaliyonitisha zaidi.

Wiki iliyofuata dada yake Ramadhani, Zuhura, alikuwa anaolewa na kijana wa Arua. Mariam alinialika kwa kunong'ona. Nikamwomba Mzee Safari anisindikize, kwa sababu sijui kukaa harusini peke yangu, na kwa sababu nilitaka amwone mtoto. Alikubali alipojua wanaooana ni Wanubi. "Pilau ya kule iko na dini," alisema.

Sijui kama mmewahi kwenda harusi ya Kinubi. Ngoma zao za doluka huanza kusikika kabla hujauliza njia. Sisi tuliuliza njia. Nilikuwa naijua nyumba, lakini kwa ukimya ule nilidhani nimekosea siku. Tuliingia uani. Kulikuwa na wanawake kama thelathini, wamependeza kwa nguo zao za gurbaba, za rangi, na hakuna aliyesema neno. Vitunguu vilikatwa juu ya blanketi lililokunjwa. Mifuniko ya masufuria ilikuwa imevishwa matambara. Bibi harusi alipopita mlangoni, wanawake wote walipiga vigelegele: walifungua midomo, ndimi zikachezacheza, mikono ikapungia, na haikutoka hata pumzi.

Mzee Safari aliniinamia. "Hawa watu iko na nini?"

"Hawanipendi," nilimnong'oneza.

"Wote? Thelathini?"

Kabla sijajibu, upande wa bwana harusi ukafika kutoka Arua na magari matatu, ngoma juu. Hababa alitoka mbio langoni, kidole mdomoni, mkono mwingine ameukunjua kama askari wa barabarani. Ngoma zikakatika moja moja. Wageni wakateremka wakitazamana. Mzee mmoja wa upande wao, mjomba wa bwana harusi, akavua kofia.

"Innalillahi," alisema. "Nani amekufa?"

"Hakuna mutu amekufa," Hababa akanong'ona.

"Basi bibi harusi ametoroka."

"Hapana toroka! Iko ndani!"

"Iko ndani na munanong'ona? Mama, hii harusi ama iko wizi?"

Nyuma yake vijana walianza kurudisha ngoma kwenye gari. Zuhura alikuwa dirishani, na wanja wake ulianza kushuka mashavuni. Nilimshika Mariam mkono, nikamwuliza kuna nini, jamani, kuna nini.

Alinitazama kama mtu anayejaribiwa. "Si arobaini?"

"Arobaini ya nani?"

"Ya sikio."

Ninyi mnajua mtoto akizaliwa mambo yanavyokwenda. Siku arobaini anakaa ndani na mama yake. Hakuna kelele, hakuna kutoka, hakuna macho ya wageni. Hababa alikuwa ameambiwa na mtaalamu, kwa kinywa chake mtaalamu, mara mbili, kwamba ndani ya nyumba yake kuna sikio lililotoka tumboni, naye akalilea kama alivyolea wajukuu kumi na mmoja. Na kwa kuwa alikuwa mlezi makini, kila kelele ilipopenya alianza kuhesabu upya. Tairi la lori lilipasuka siku ya ishirini na sita: moja. Jogoo wa jirani aliruka ukuta siku ya tisa: moja. Jogoo huyo aliliwa. Miezi miwili na nusu ilikuwa imepita na sikio lilikuwa na siku kumi na mbili.

Sikumbuki nilivyotembea hadi langoni. Nakumbuka nilipanga maneno ya kujitetea, yakawa mengi, yakanikwama yote.

"Hababa," nikasema kwa sauti, na wanawake thelathini wakaruka. "Makosa ni yangu."

"Sshh! Siku ya kumi na mbili!"

"Hakuna siku ya kumi na mbili. Sikio la Zaitun halitaki arobaini."

"Wewe si ulisema imezaliwa?"

"Nilisema."

"Sasa unataka nipigie mutoto mchanga ngoma?"

Nilitafuta jibu la kitaalamu. Nilikuwa nalo refu, lenye vipengele. Mzee Safari ndiye aliyenitangulia.

"Mama," alisema, "mutoto mchanga anakula nini?"

"Maziwa."

"Njo hivyo. Hii sikio maziwa yake ni makelele. Maneno ya watu, ngoma, kuku, yote. Asiposikia, hawezi kukua."

Nilishuhudia uso wa Hababa ukihesabu nyuma, wiki baada ya wiki. Akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Ya Rabbi! Tumenyima yeye chakula!" Akageukia wageni, na kwa mara ya kwanza nikasikia sauti yake halisi, sauti ya kuita mtu aliye upande wa pili wa mji. "Munangoja nini? Piga! Piga ngoma! Mutoto iko na njaa!"

Wakapiga. Wale wanawake walikuwa na vigelegele vya miezi miwili na nusu vifuani. Mjomba wa bwana harusi akavaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena. Na Zaitun, aliyekuwa mikononi mwa mama yake, alikunja uso, akapanua mdomo, akalia kilio ambacho sijapata kukisikia, huku akitazama huku na huku akitafuta kinachomuuma.

"Amesikia!" Mariam alipiga kelele. "Dokta, amesikia!"

"Huenda ni mtetemo wa ngoma," nilisema. "Watoto viziwi huhisi mtetemo kifuani. Si ushahidi."

"Weye hata furaha inakupatia homa," Mzee Safari alisema, akaenda kutafuta pilau.

Ndoa ilifungwa. Kilichofuata ni miezi mitatu ya kumlisha. Hababa hakufanya jambo nusu nusu. Wiki ya kwanza alimlisha Zaitun sauti mara tatu kwa siku, kama uji. Majirani walichangia: mmoja alileta kipande cha bati, mwingine alileta jogoo mpya, fundi cherehani akahamishia cherehani yake barazani. Ilinibidi niende mara mbili kwa wiki kuwaeleza kwamba bati si chakula cha kila siku, kwamba kinachojenga ni maneno, maneno ya kawaida, ya karibu, yanayohusu kitu anachokiona. Hapo nilimpa Hababa kazi aliyozaliwa nayo. Alimsimulia Zaitun kila kitu. Alisimulia unga, alisimulia mafuta, alisimulia mikate ya gurusa ikigeuzwa kikaangoni, alisimulia tabia za mjomba wa bwana harusi.

Na kila ziara waliniambia amesikia, na kila ziara nilikataa. Aligeuka mlango ulipogongwa: kivuli. Aliamka jogoo alipowika: mwanga wa alfajiri. Aliangalia juu Mariam alipomwita: huenda aliona mkono. Msinicheke. Nilikuwa nimewadanganya mara moja kwa maneno matamu, na niliogopa kumpa Mariam tumaini ambalo lori lingekuja kulichukua. Kwenye bakuli langu la maharage, Zaitun bado alimimina yote mara moja.

Basi shule ikakaribia kufunguliwa. Jumamosi Ramadhani akarudi kutoka Juba, na sanduku la bati la mtoto likapakiwa kwenye lori, lenye blanketi, sabuni na sahani. Mimi nilikuja na kurasa nne za maelekezo kwa matroni wa bweni. Nilikuwa nimeziandika nikilia, kwa hiyo zilikuwa ndefu. Niliketi kwenye kiti cha mlangoni nimsomee Mariam kwanza. Zaitun alikuwa mkekani mbele yangu, amenipa mgongo, akipanga vifuniko vya mama yake kutoka kikubwa hadi kidogo.

"Kanuni ya kwanza," nikaanza. "Mashine ikaguliwe kila asubuhi, na ukaguzi uanze na betri, na betri ikaguliwe kwanza kwa macho, halafu..."

Zaitun aliinua mkono, akachomoa kifungo kichwani, akakiweka mapajani. Akaendelea kupanga.

Nikanyamaza. Nikafikiri: jeraha linamuuma. Sumaku imebana. Nilikaa hivyo nikifikiri yote yanayowezekana. Zaitun akageuka, akanikagua mdomo. Alipoona umefungwa, akarudisha kifungo mahali pake, akanigeuzia mgongo.

"...halafu kwa kitambaa kikavu," nikasema.

Akachomoa.

Mariam aliacha kusuka. Ramadhani alikuwa ameegemea ukuta, funguo za lori mkononi. "Ngoja," alisema polepole. "Wewe nyamaza."

Nikanyamaza. Zaitun akageuka, akakagua, akarudisha.

"Sema tena."

"Niseme nini?"

Akachomoa.

Ramadhani alikuja akachuchumaa nyuma ya binti yake. Akangoja ninyamaze na kifungo kirudi. Kisha akasema yeye, kwa sauti ya chini, maneno machache ya Kinubi ambayo sikuyaelewa. Mkono wa Zaitun haukuinuka. Kifuniko alichokishika kilibaki hewani. Akainamisha kichwa upande wa sauti, akangoja iendelee.

"Mimi hakunitoa," Ramadhani akasema. "Dokta. Mimi hakunitoa."

"Huenda ni kivuli..."

"Kivuli gani? Jua iko mbele yake!" Hababa alipiga kelele kutoka jikoni. "Mutoto iko nasikia wewe! Iko nasikia, na imechoka!"

Ramadhani alitoka. Nilisikia mlango wa nyuma wa lori ukifunguliwa, kisha bati likikwaruza. Akarudi na sanduku begani, akaliingiza chumbani kwa Mariam, akatoka mikono mitupu, akaketi chini mkekani mahali ambapo angemwona mtoto vizuri.

"Soma, Dokta," alisema. "Taratibu. Soma yote."

Nikashika kurasa zangu nne. "Kanuni ya kwanza," nikasema.

Zaitun hakugeuka hata kidogo. Aliinua mkono.